Kungoja bila kukata tamaa: namna ya kulinda imani majibu yanapochelewa

Imani ya anayengoja mtoto, ajira au uponyaji mara nyingi hufa kidogo kidogo. Sala ya asubuhi inarukwa, jumuiya ya Jumamosi inakosekana, Biblia inahamia kabatini, na siku mtu anaposhtuka hakumbuki alisali lini mara ya mwisho. Kwa hiyo shika ratiba kwanza. Hisia zikija, vizuri. Zisipokuja, ratiba iendelee.

Chukua daftari la kawaida. Ukurasa wa kwanza andika ombi lako kwa sentensi moja, kisha chini yake orodhesha tarehe zote ulizokwisha kujiwekea: kabla ya Krismasi, kabla sijatimiza miaka 35, kabla mdogo wangu hajaolewa. Mbele ya kila tarehe andika nani aliitoa. Utakuta nyingi umezitunga mwenyewe, na nyingine ulitungiwa na mhubiri kwenye mkutano wa hadhara. Zikate kwa kalamu, ombi liache.

Pale pale soma Yeremia 29. Mstari wa 11, ule wa mawazo ya amani, watu wanaukariri sana. Wa 10, unaoutangulia, unataja miaka 70 ya kungoja kule Babeli. Na wa 5 unawaagiza watu wajenge nyumba na kupanda bustani huko huko uhamishoni. Isome yote mitatu kwa pamoja, maana huo wa 5 ndio wa kufanyia kazi. Mhitimu wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, anayesubiri kuitwa kwenye usaili asiache kutuma maombi mengine, na kama kuna ekari ya alizeti nyumbani Kongwa, ailime. Mgonjwa aendelee na dawa na tarehe zake za kliniki. Kuacha dawa ili kuonyesha imani kunaua watu. Usikubali, hata akikuambia nani.

Ratiba yenyewe ni dakika 15 asubuhi kabla ya kushika simu. Zaburi moja kwa siku, kwa sauti, halafu ombi lako, halafu Baba Yetu. Zaburi ni 150, ila ya 119 ina mistari 176, hutaimaliza kwa asubuhi moja; imegawanyika katika mafungu 22 ya mistari minane minane, basi ipe siku 22. Jumla inakuwa siku 171. Ukianza tarehe 1 Juni utamaliza 18 Novemba, wakati Dodoma nzima inatazama mawingu.

Ukikosa maneno, tumia mpangilio wa Zaburi 13, yenye mistari sita tu. Miwili ya kwanza ni kulalamika, na "hata lini" inarudiwa mara nne bila aibu. Miwili inayofuata ni kuomba. Miwili ya mwisho ni kutumaini. Kosa la wengi ni kurukia hiyo ya mwisho, wakidhani kulalamika ni utovu wa imani. Zaburi 88 inaishia gizani kabisa, na bado imo ndani ya Biblia.

Sehemu ngumu kuliko zote ni katikati. Mkulima wa hapa Dodoma anaijua: mvua inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, mtama unaota, kisha Januari au Februari jua linapiga wiki kadhaa na majani yanajikunja. Anayengoja naye mwanzoni huwa na watu wengi wa kumwombea. Miaka ikipita wanachoka, na hapo ndipo njia ya mkato inapopendeza. Abrahamu alitoka Harani ana miaka 75, Isaka akazaliwa yeye akiwa na 100. Ishmaeli, mtoto wa njia ya mkato kwa mjakazi Hajiri, alizaliwa Abrahamu ana 86.

Ukifika hapo, punguza, usiache. Dakika 15 ziwe tano: Zaburi 13 na Baba Yetu, basi. Usiongeze mfungo, njaa juu ya huzuni huzaa kukata tamaa. Kuruka mlo mmoja kwa wiki kunatosha, na mwenye kisukari, vidonda vya tumbo, mimba au dozi asifunge kabla ya kumuuliza daktari. Akitokea mtu anayetaja kiasi cha sadaka ili "upenyo" wako ufunguke, ondoka kabla hujafungua pochi. Sadaka yako ya kila Jumapili ibaki ile ile.

Tafuta watu wawili wa kukubeba, wasizidi. Mmoja awe mkomavu wa imani, mwingine awe anayekuchekesha. Mkubaliane siku moja ya wiki ya kuulizana hali, hata kwa ujumbe mfupi. Mtu ambaye kila ukilia anajibu "Mungu ana makusudi yake" ni mwema, lakini kwa kazi hii hafai.

Kila mwisho wa mwezi fungua daftari, andika mistari mitatu: nilichoomba, kilichotokea, nilichopewa bila kukiomba. Huo wa tatu usiuache wazi. Andika hata debe la mahindi aliloleta shangazi.

Yanabaki maswali ya harusini na msibani. Andaa jibu moja, lizoee mdomoni, kisha geuza mazungumzo: "Bado tunaomba, mama. Na wajukuu hawajambo?" Atazungumzia wajukuu mpaka chakula kiletwe.