Kuanzisha meno ya valvu ya PCV pasipofikika

Kwenye injini kama 1NZ-FE ya Toyota, valvu ya PCV (inayorudisha moshi wa ndani ya injini ukaungue tena) hufungwa kwa meno kwenye tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini, na mara nyingi vidole vinafika ila nafasi ya kuzungusha spana ni finyu. Usiianzishe mpya kwa spana. Chomeka kwenye ncha yake isiyo na meno kipande cha mpira wa petroli unaobana, sentimita 20 hadi 30, ushike upande wa pili. Zungusha kinyume cha saa taratibu mpaka uhisi meno yanadondokeana, tik, ndipo ufunge. Meno yakikaa upande, mpira unateleza kabla hujaharibu kava. Spana haina huruma hiyo. Ikishaingia mizunguko mitatu, chomoa mpira, malizia na spana, kaza kiasi tu.

Haifai kwa valvu yenye ncha iliyopinda, wala ile ya kusukumiza kwenye raba. Gundi kavu ikibaki kwenye tundu, mpira utateleza hata kama valvu imenyooka. Ifute kwa kitambaa chenye petroli kidogo. Ukichokoa kwa bisibisi, vipande vinaangukia ndani ya injini.

Kabla ya kufunga, puliza valvu mpya: ukipuliza kutoka upande wa meno hewa ipite kirahisi, kutoka upande wa ncha ipite kwa shida.