Kutafuta Chanzo cha Injini Kutetema Ikiwa Sailensi: Mfumo wa VVT-i kwenye Toyota 1NZ-FE

Mwongozo huu unahusu injini ya Toyota 1NZ-FE, yenye ujazo wa cc 1,497, inayopatikana kwenye Vitz, Ist, Probox, Raum na baadhi ya Premio na Allion. Dalili ninayoizungumzia ni hii: gari likisimama kwenye mataa injini ikiwa sailensi, yaani inazunguka bila dereva kukanyaga mafuta, usukani na viti vinatetemeka, mshale wa mizunguko unapanda na kushuka, na pengine injini inazima dereva anapoingiza gia ya D, lakini akikanyaga mafuta kidogo hadi mizunguko 1,500 hivi injini inatulia kana kwamba haijawahi kuwa na tatizo. Wenye magari wengi hunifikia wakiwa wamekwisha kubadilisha plagi, koili na hata pampu ya mafuta, na inaniuma kuona fedha zao zimeishia kwenye vipuri ambavyo havikuwa na kosa.

Ni lazima kwanza kuelewa mfumo wenyewe. VVT-i huwahisha au kuchelewesha wakati wa valvu kufunguka, na kwenye injini hii husogeza kemshafti (shafti inayofungua valvu) moja tu, ile ya valvu za kuingizia hewa. Mbele ya kemshafti hiyo kuna gia yenye vyumba ndani yake, na valvu ndogo ya umeme, ambayo mafundi wengi huiita solenoidi ya VVT, huelekeza oili ya injini ama kwenye vyumba vya kuwahisha ama vya kuchelewesha. Umeme huelekeza tu. Anayesukuma ni oili. Injini ikiwa sailensi, kemshafti hutakiwa kukaa mahali pake pa kuchelewa kabisa. Ikikwama ikiwa imewahi, valvu za hewa hufunguka kabla valvu za moshi hazijafunga, moshi hurudi upande wa hewa, na kwa kuwa hewa safi inayoingia wakati huo ni kidogo, mchanganyiko hushindwa kuwaka sawasawa. Mizunguko ikipanda hewa huongezeka, na ndiyo sababu mtetemo hupotea.

Hatua ya kwanza: oili

Chomoa kijiti cha kupimia, angalia kiwango, kisha paka oili kidogo kati ya vidole viwili. Oili iliyopungua chini ya alama, iliyo nzito kama lami au yenye chembechembe, inatosha peke yake kuukwamisha mfumo huu. Muulize mwenye gari aliweka oili gani mara ya mwisho. Injini hii ilibuniwa kwa oili nyepesi kama 5W-30, lakini bado kuna mafundi wanaoweka 20W-50 kwa imani kwamba oili nzito hulinda zaidi injini iliyotembea. Vijia vya VVT-i ni vyembamba, na oili nzito, hasa asubuhi injini ikiwa ya baridi, huchelewa kuvipita. Oili ikiwa mbovu, imwage, badilisha filta, weka lita 3.7 za oili sahihi, kisha endesha gari kabla ya kuendelea. Baadhi ya magari hupona hapa hapa.

Hatua ya pili: misimbo ya makosa

Unganisha mashine ya kupimia na usome misimbo yote kabla ya kufuta hata mmoja. P0010 unahusu saketi ya umeme ya solenoidi. P0011 unasema kemshafti imewahi kupita kiasi, na P0012 kwamba imechelewa kupita kiasi. P0016 unasema kemshafti na krankshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) hazilingani, na huo hunipeleka moja kwa moja kwenye cheni inayoziunganisha. Kwenye Toyota za zamani zaidi unaweza kukutana na P1349, unaotaja hitilafu ya mfumo wa VVT kwa ujumla. Msimbo haukuambii kipuri cha kununua: P0011 unaweza kuletwa na valvu iliyokwama, oili chafu, gia mbovu au cheni iliyoruka jino. Vilevile, kutokuwepo kwa msimbo hakuuondolei mfumo huu lawama.

Hatua ya tatu: kuondoa sababu nyingine

Injini ikiwa inanguruma, chomoa soketi ya koili moja baada ya nyingine, ukirudisha kila moja kabla ya kugusa inayofuata. Kama silinda moja haileti mabadiliko yoyote ikichomolewa, tatizo liko kwenye silinda hiyo na VVT haihusiki. Kama zote 4 zinashusha mizunguko kwa kiwango kinachokaribiana, kosa ni la injini nzima. Safisha throto, yaani lango la kuingizia hewa, ikiwa imeshika masizi, na kagua mipira yote ya hewa, kwa maana hewa inayopenya pembeni hutoa dalili zinazofanana sana na hizi.

Mwenye geji ya vakyumu, inayopima nguvu ya injini kuvuta hewa, aiunganishe. Injini nzima yenye afya, katika usawa wa bahari kama Dar es Salaam au Mombasa, huonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki ikiwa sailensi, na kipimo hupungua kwa takribani inchi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko, hivyo fundi wa Arusha au Nairobi asishtuke kuona inchi 15. Kemshafti iliyokwama ikiwa imewahi huishusha vakyumu waziwazi chini ya hapo.

Hatua ya nne: jaribio la kuipa solenoidi umeme

Hili ndilo jaribio ninalolitegemea kuliko mengine yote, na halihitaji mashine ya gharama. Pasha injini hadi joto la kazi, iache sailensi, kisha chomoa soketi ya solenoidi. Andaa nyaya mbili kutoka kwenye betri, ule wa chanya ukiwa na fyuzi, na uzielekeze kwenye pini mbili za solenoidi kwa sekunde chache tu. Katika mfumo usio na kosa, utasikia mlio mdogo wa tak, na papo hapo injini itaanza kutetemeka vibaya au kuzima kabisa. Ukiondoa nyaya, itatulia.

Matokeo yasomwe kwa makini. Kama ulipochomoa soketi tu injini ilitulia, solenoidi ilikuwa ikipelekewa umeme usiotakiwa, kwa hiyo fuata nyaya, sensa na kompyuta ya injini. Kama ilikuwa ikitetemeka na imeendelea kutetemeka vilevile, umeme ukiwepo au usipokuwepo, ama valvu au gia imekwama, ama chujio la oili la valvu hiyo limeziba. Kama injini ilikuwa imetulia na umeme haukubadilisha chochote, oili haifiki kwenye gia au valvu haisogei.

Hatua ya tano: valvu na chujio lake

Zima injini, iache ipoe, fungua bolti ya spana namba 10 na uivute valvu taratibu ukiizungushazungusha, kwa kuwa oringi yake hukauka na kukatika. Pima ukinzani kwa maltimita: katika nyuzi joto 20 unatakiwa uwe kati ya omu 6.9 na 7.9. Kisha ipe umeme mezani na uangalie tundu zake; mchi wa ndani unapaswa kwenda hadi mwisho na kurudi wenyewe umeme ukiondolewa. Ukirudi nusu, kuna uchafu. Isafishe kwa dawa ya kabureta huku ukiiwasha na kuizima, na ikiendelea kukwama, inunuliwe nyingine.

Chujio la valvu hii husahauliwa mno. Ni kijineti kidogo kinachokaa ndani ya silinda hedi, nyuma ya bolti nene yenye washa. Nilipokea Ist moja ambayo ilikuwa imewekewa solenoidi mpya mara mbili bila nafuu. Nilipokitoa kijineti hicho sikuona tundu hata moja. Kilikuwa kimefunikwa na utando mweusi mzito kama masalia ya kahawa chini ya sufuria. Nilikiosha na kukirudisha kwa washa mpya, na mtetemo ukaisha siku hiyo hiyo.

Hatua ya sita: gia na cheni

Fika hapa endapo hatua zote zilizotangulia hazikutoa jibu, maana sasa kofia ya valvu inafunguliwa. Mlio wa kukwaruza kwa sekunde moja au mbili wakati wa kuwasha asubuhi huashiria pini ya kufungia ndani ya gia iliyochakaa, au cheni iliyolegea. Zungusha krankshafti kwa mkono hadi alama ya sifuri, kisha linganisha alama za gia za kemshafti. Zikipishana, badilisha cheni pamoja na kikazia chake na reli zake, si cheni peke yake.

Baada ya matengenezo, futa misimbo, endesha gari kwa dakika 20 na utazame kwenye mashine kama pembe halisi ya kemshafti inaifuata ile iliyoagizwa, ikirudi sifuri kila gari linaposimama. Injini iliyokuwa na oili chafu huendelea kuachia uchafu, kwa hiyo mimi humwita mteja arudi baada ya kilomita 1,000, nikamwaga oili ile na kukitoa tena kijineti nikitazame kwenye mwanga.