Wakili kijana wa ardhi Mtwara, shamba ulione kwanza

Mdogo wangu, umeshaapishwa, muhuri unao, na umepanga chumba cha ofisi mjini. Wateja wa ardhi watakuja hela za korosho zikianza kuingia, na kila mmoja atataka mkataba wa mauziano saa hiyo hiyo. Usiandike. Uliza kwanza ni ardhi ya namna gani.

Kiwanja kilichopimwa, tuseme Shangani, hakisumbui. Chukua namba ya kiwanja na kitalu, omba upekuzi kwa Msajili wa Hati, uone jina la mmiliki na kama kuna rehani ya benki au zuio. Ile karatasi ya mwenyekiti wa mtaa si hati, hata ikigongwa mihuri mitatu.

Kama ni shamba Tandahimba au Newala, panda gari uende. Ardhi ya kijiji ina sheria yake, Na. 5 ya 1999, na halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mteja kutoka Dar akikuonyesha barua ya mtendaji peke yake, dai muhtasari wa mkutano, na orodha ya mahudhurio uisome jina kwa jina.

Shambani, zunguka mpaka pamoja na majirani wa pande zote, halafu uliza mikorosho ile aliipanda nani. Kwa jadi ya Wamakonde, Wamakua na Wamwera urithi ulifuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba au mpwa anaweza kuwa na neno juu ya shamba ambalo baba analiuza kwa kujiamini kabisa. Familia nyingine zinagawana Kiislamu. Usiwafundishe mila yao. Waite wote, wasikilize, waweke sahihi. Mwenye shamba akiwa marehemu, asiuze mtu mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Na kama ni nyumba ya ndoa, ridhaa ya mwenza iwe kwa maandishi. Soma kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971.

Jambo linalonichosha kuliko yote ni rehani. Kipindi cha njaa mtu anakopa dukani, anachana karatasi ya daftari, anaandika: "Nimemuuzia fulani shamba langu." Wote wawili wanajua ni rehani mpaka msimu. Mkopeshaji anavuna mwaka huu, anavuna na mwakani, kisha analeta ile karatasi kwako akitaka kuuza. Tazama bei: mikorosho inayozaa heka tatu kwa hela ya baiskeli? Mtafute aliyeandika, muulize mbele ya mnunuzi. Rehani haigeuki mauzo kwa sababu mkopeshaji amechoka kusubiri. Tazama na tarehe, maana madai ya kurudisha ardhi yana ukomo wa miaka 12.

Ikishakuwa kesi, baraza la kata tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu, na wewe wakili husimami pale. Mwandae mteja aende na mashahidi wake. Wasipopatana, ndipo unafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Ada yako ikubaliwe kwa maandishi kabla ya safari, na nauli ya kwenda shambani iandikwe mstari wake peke yake, la sivyo utaambiwa ilikuwa humo humo.