Usiguse kitasa: kumtoa mtoto mkubwa nyumbani, jimbo la New York

Jumamosi moja ya Januari nilimwita fundi akabadilisha kitasa cha mlango wa mbele. Nguo za mwanangu nikazisokomeza kwenye mifuko myeusi ya taka, nikaiweka barazani kwenye theluji. Ana miaka 26. Alikuwa ameshauza televisheni, ameshamkaba mdogo wake, na usiku uliotangulia alivunja mlango wa choo. Saa nne usiku polisi wawili wakagonga. Nikamshukuru Mungu, nikidhani wamekuja kunisaidia. Mmoja akauliza kitu kimoja tu: amekaa hapa muda gani? Nikajibu kwa kujiamini, tangu tuhamie. Akaniambia nimfungulie na nimpe ufunguo, la sivyo wataondoka na mimi. Nikamkabidhi mwanangu ule ufunguo mpya, bado una kile kikaratasi cha fundi.

Shikeni hili. Tangu 2019, katika jimbo hili, mtu aliyekaa kwako kihalali siku 30 mfululizo hatoki bila amri ya mahakama. Haijalishi umemzaa. Haijalishi halipi senti. Kubadilisha kitasa, kumkatia umeme, kutoa vitu vyake nje, yote ni kosa la jinai, na juu yake kuna faini ya dola 1,000 hadi 10,000 kwa kila kosa. Wewe unayemtoa ndiye mshtakiwa, hata kama hati ya nyumba ni yako. Narudia: usiguse kitasa.

Wazo lenyewe lilitoka kwenye kikao cha ukoo cha WhatsApp. "Mtupie virago nje, atashika adabu," alisema mjomba. Simlaumu. Kwake mjumbe angeita wazee, kijana angepelekwa shamba kwa babu, yakaisha. Ila mjomba, na wajomba wote mnaosoma, mkishauri kwa simu anayelala rumande si ninyi.

Njia ya halali ni fupi kuieleza: notisi ya maandishi ya siku 10 kwa anayekaa kwa hisani tu, apelekewe na mtu mzima asiyehusika na kesi, kisha mahakamani, kisha hukumu, kisha sherifu au konstebo, yaani ofisa anayetekeleza amri ya mahakama, anampa siku 14 za kuhama. Mahakama nyingine husita kutumia njia hii kati ya mzazi na mtoto. Mwaka 2018 wazazi karibu na Syracuse walimwandikia kijana wao wa miaka 30 barua tano za kumtaka ahame, wakaishia Mahakama Kuu ya jimbo (Supreme Court). Jina lisiwatishe, New York hiyo ni mahakama ya kusikiliza kesi mara ya kwanza, si ya juu kabisa.

Mtego wa pili niliutega mwenyewe. Nilikuwa nikipokea kwake dola 200 kila mwezi, eti ajifunze kuwajibika. Hakimu akaziita kodi. Mwanangu akawa mpangaji, notisi yangu ya siku 10 ikawa karatasi ya kufungia maandazi. Mpangaji aliyekaa zaidi ya miaka miwili hupewa siku 90. Nikaanza upya. Msipokee hela yake, hata ya intaneti.

Akiwa chini ya miaka 21, simameni kwanza muone wakili, maana hapa mzazi anawajibika kumtunza mpaka umri huo. Akipiga au kutishia, nendeni Mahakama ya Familia kuomba amri ya ulinzi, nayo inaweza kumtoa nyumbani upesi. Lakini kama ana kadi ya kijani (kibali cha mgeni kuishi Marekani moja kwa moja), ajue kwamba akiivunja amri hiyo anaweza kurudishwa kwao. Akili ikiwa ndiyo inayoumwa, namba ya simu ya msaada wa dharura ni 988.

Nchi hii hainielei. Akifika 18, bila idhini yake daktari hakuambii hata jina la dawa anayokunywa mwanao, ni mtu mzima. Siku ya kumtoa, analindwa kama yatima. Nililalamika sana, mpaka mke wangu akanikumbusha mwenye nyumba wetu wa kwanza, aliyetaka kututoa katikati ya baridi tukiwa na watoto wadogo, na hakimu akamzuia. Siku ile niliisifu sheria.

Mwanangu aliondoka siku ya 13 kati ya zile 14, na mifuko ileile. Alichoacha nilikipiga picha nikakihifadhi, na nanyi msikitupe. Konstebo alikuja keshokutwa yake, akachungulia chumba kitupu, akatia sahihi. Ndipo nikampigia yule fundi.