Ukija Lamu kutafuta historia, uliza maji kwanza

Tunawaona kila msimu, wanashuka gatini na begi mgongoni, moja kwa moja Ngomeni, picha mbili tatu kule juu, halafu Shela kuogelea na kesho yake wako kwenye ndege wanasema Lamu wameimaliza. Sikatazi mtu kuogelea. Ila kama shida yako ni historia, panga safari kwa maji, saa ya mkononi iache, manake hiki kisiwa na jirani zake Manda na Pate biashara yao, vita vyao na ngome zao zote zilikuwa zinangoja maji kujaa na kupwa, na mpaka leo kuna sehemu hufiki maji yakikataa.

Kwa hivyo anza na mwezi wa Kiislamu. Mwezi ukiandama, na tena ukifika kumi na tano, hapo ni bamvua, maji yanajaa sana na yanatoka sana, tofauti yake inapita mita 3. Katikati hapo ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Huku kwetu siku za bamvua maji yanajaa alfajiri na tena alasiri, sasa saa nne saa tano asubuhi unakuta mashua zimelala ubavu kwenye tope. Kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi, so siku tatu nne baada ya bamvua unapata maji mazuri ya asubuhi, hizo ndizo siku za kwenda Takwa, yale magofu ya kisiwa cha Manda. Hesabu ikikushinda muulize nahodha yeyote pale gatini, msalimie kwanza lakini, usimrukie na swali kama polisi.

Asubuhi ya maji makavu kaa mjini. Ngome ilianza kujengwa mwaka wa 1813 hivi ikamalizika 1821, mawe ya matumbawe, chokaa na boriti, na Sultani Seyyid Said wa Oman akiwa na mkono wake ndani. Ukisimama Mkunguni leo, uwanja ulio mbele yake, unajiuliza ngome gani hii ya kulinda bandari na imejificha nyuma ya majumba? Ukweli ni kwamba wakati ule ilikuwa pwani kabisa, hizo nyumba zilizo mbele yake zimekuja baadaye, mji umejisogeza baharini. Panda juu utazame upande wa maji, ziondoe hizo nyumba kichwani mwako, utaona mzinga ungelenga wapi. Baadaye Waingereza wakaifanya jela na ikaendelea kuwa jela mpaka 1984, wazee wengi mjini wanaikumbuka hivyo, ukiwauliza habari za Sultani watakuambia za wafungwa. Wasikilize tu, nayo ni historia.

Ukitoka hapo nenda Makumbusho, yako pale pale usoni mwa bahari. Watu wanakimbilia siwa, zile baragumu kubwa za kupulizwa, na kweli siwa ni kitu, ile ya pembe ya ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Lamu, lakini mimi nakuambia simama kwenye mfano wa mtepe. Chombo hakina msumari hata mmoja, mbao zimeshonwa kwa kamba ya makumbi, tanga lake la mkeka la mraba, na vyombo vya namna hiyo ndivyo vilivyokuwa vinabeba mizigo mwambao huu wote. Ukitaka kuona mafundi wa vyombo wakiwa kazini, panda boti uende Matondoni, ni upande wa pili wa kisiwa. Siku hizi wanatumia misumari, lakini utaona wanavyotia kalafati kwenye nyufa, pamba na mafuta, na harufu yake haikutoki puani siku nzima.

Shela sasa. Nenda kwa miguu kufuata pwani lakini maji yakiwa yanatoka, ya bamvua yakijaa njia inafunikwa utarudi na suruali mkononi. Hapa ndipo ilipopiganwa vita ya Shela, miaka ya 1812 au 1813, Mazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, wameungana na Pate, wakashuka na jeshi kubwa kuja kuikalia Lamu. Watu wa Lamu chini ya Bwana Zahidi Ngumi wakawatoka, jeshi likavunjika, wakakimbilia mashua zao. Maji yashatoka! Mashua ziko juu ya mchanga, haziendi mbele wala nyuma, waliuawa hapo hapo ufukweni. Simama pale saa maji yanapokupwa uangalie yanavyokimbia, baada ya muda mfupi chombo kilichokuwa kinaelea kimekaa chini, hapo huhitaji mtembeza wageni wa kukuelezea. Lamu wakaogopa Mazrui watarudi kulipiza, wakamwita Seyyid Said awalinde, na ndio ile Ngome uliyopanda asubuhi ikamalizwa, na utawala wa Oman ukaingia.

Takwa iko Manda, unaingia kwa mkono wa bahari katikati ya mikoko na ni maji yakijaa tu, ukizubaa huko ndani maji yakitoka utangoja mpaka yarudi. Mji ulikuwa na watu karne ya 16 na 17 halafu wakauhama. Msikiti una nguzo juu ya ukuta wa kibla, na kaburi la nguzo lina tarehe ya 1094 Hijria, yaani 1683. Watu wa Shela wanajihesabu wametoka huko na bado wanaenda kuomba mvua, kwa hiyo tafadhali usipande juu ya kaburi upigwe picha, nimeshaona, inaudhi.

Siyu, kisiwani Pate, ni safari ya siku nzima, ikiwezekana lala. Boti ya abiria inapita Mkanda, huo mfereji kati ya Manda na bara, nao unataka maji, ndio maana saa ya kuondoka inabadilika kila siku na usimgombeze mtu wa boti. Unashuka Mtangawanda, unachukua bodaboda. Ngome ya Siyu imekaa ukingoni mwa hori lenye mikoko, maji yakitoka mbele yake ni tope tupu, sasa jiulize jeshi la kutoka Unguja na majahazi makubwa lingefikaje. Miaka ya 1840 jeshi la Seyyid Said lilipigwa vibaya huko, mpaka mwanawe Majid ndiye aliyewaweza, mwaka wa 1863. Na usidhani walikuwa watu wa vita tu, Siyu ilikuwa mji wa wanazuoni, wanakili misahafu kwa mkono, na mafundi wa ngozi na mbao. Kwangu mimi ngome hii inaishinda ya Lamu kwa mbali, na wageni ni wachache.

Msimu mzuri wa haya yote ni kaskazi, Disemba mpaka Machi. Kusi ikikaza, bahari ya nje inachafuka, hapo kaa mifereji ya ndani. Bei patana kabla hujakanyaga boti, uliza kama mafuta yamo na kiingilio cha magofu kimo, na life jaketi uione kwa macho, sio kuambiwa iko.