SOMO: Mfumo wako uupandishe wapi? Soma kabla hujaja inboksi

Swali ni lile lile kila siku: "Mkuu, nimemaliza mfumo, nihosti wapi?" Naandika mara moja, wengine nitawatupia kiungo.

1. Umeandika kwa PHP na MySQL? Hosti ya pamoja (seva moja, wateja wengi) yenye cPanel, yaani paneli ya kusimamia tovuti kwenye kivinjari, inatosha. Usijitese.

2. Node, Django au Go: chukua jukwaa linalovuta msimbo (code) wako kutoka GitHub na kukuendeshea, mfano Render, au VPS, yaani seva pepe ya kukodi unayoitunza mwenyewe. Kama ssh (njia ya kuingia kwenye seva kwa amri) huijui, anza na jukwaa.

3. Diski. Hapa ndipo watu wanalia. Kwenye majukwaa mengi diski ni ya muda tu: ukipandisha toleo jipya, unapewa kontena jipya (boksi ambamo mfumo wako unaendeshwa), na kila kilichoandikwa ndani ya lile la zamani kimeondoka nalo. Kwenye laptop yako db.sqlite3, faili la kanzidata, inakaa miaka. Kule inakaa mpaka git push inayofuata, yaani utakapotuma toleo jipya. Na logi haitakuonyesha kosa lolote! Mfumo unawaka, ukurasa wa kuingia unafunguka, ila watumiaji hawapo hata mmoja na picha za bidhaa zimebaki viboksi vitupu. Kwa hiyo kanzidata iwe Postgres inayojitegemea, picha ziende kwenye hifadhi ya mafaili ya aina ya S3, iliyo nje ya kontena. Halafu soma masharti: Postgres ya bure ya Render inaisha muda wake baada ya siku 30. Toa nakala ya kanzidata kwa amri ya pg_dump, iweke kwingine, ujaribu kuirudisha. Nakala usiyowahi kuirudisha usiihesabu.

4. Nywila na funguo za API zisiingie GitHub.

5. Elekeza domeni, washa HTTPS. Kwenye VPS tumia certbot, programu inayokupa cheti cha HTTPS, kisha certbot renew --dry-run uone kama cheti kitajihuisha.

MASWALI

– Mkuu kwa hiyo ipi nzuri?
Hatua ya 1 na ya 2. Soma.

– Si Heroku ni bure?
Ilikuwa. Waliondoa ya bure Novemba 2022. Hiyo video uliyotazama ni ya zamani.

– Mbona unawatisha watu na VPS? Ni bei rahisi.
Sijamtisha mtu. Kama masasisho ya usalama utayaweka mwenyewe, chukua.

– Wateja wanalipa paybill ya M-Pesa, SMS wanapata, ila mfumo hauandiki malipo. Mchana yanaingia, alfajiri hayaingii. Niko Render ya bure.
Umechunguza vizuri sana. Mpango wa bure unalala ukikaa dakika 15 bila mgeni, na kuamka kunachukua karibu dakika nzima. Taarifa ya malipo inafika mfumo ukiwa usingizini. Lipia mpango usiolala. Yaliyokwisha kupotea, chukua namba ya muamala kwenye SMS ya mteja, uiulizie kupitia Daraja, API ya M-Pesa ya Safaricom, kuna huduma ya hali ya muamala.

– Asante mkuu. Nikihamia VPS ya RAM 1GB, itatosha?
Kuendesha, mara nyingi ndiyo. Kazi iko kwenye npm run build, amri ya kujenga mfumo: ukiona imeandika "Killed", RAM imejaa. Ongeza swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM) ya 2GB na uiandike kwenye faili la /etc/fstab, la sivyo seva ikizima na kuwaka swap haipo. Au jenga kwenye laptop, upeleke folda ya dist, yaani matokeo ya kujenga, peke yake.