Mikanda ya boneti kwenye gari la zamani: inazuia nini, na jinsi ya kuifunga ikashika

Mikanda hii ya ngozi, inayoishikilia boneti (kifuniko cha injini) kwa nje, si pambo. Magari mengi ya miaka ya 1960, Mini na Ford Escort yakiwemo, yana boneti yenye bawaba upande wa kioo na loki karibu na grili. Maana yake ukingo unaofunguka ndio unaokabili upepo. Loki ikiachia ukiwa mwendoni, upepo unaingia chini ya ukingo huo, boneti inanyanyuka, inakunjika kwenye bawaba na kukibamiza kioo. Dereva haoni mbele hata kidogo.

Nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa mwendo. Ukitoka kilomita 50 kwa saa ukafika 100, nguvu inakuwa mara nne. Kwenye 100, kanieneo ya upepo ikilipiga bati la mita moja ya mraba ni sawa na uzito wa kilo 47 hivi. Sasa ifikirie loki ya miaka sitini: springi imechoka, pini imelika, waya wa kufungulia unakwama ukiiacha nusu wazi, na ndoano ya akiba, ile ya kuidaka boneti loki ikiachia, imekufa kwa kutu.

Boneti zenye bawaba mbele, kama za Triumph Herald, Jaguar E-Type na Datsun 240Z, upepo wenyewe unazikandamiza. Huko mkanda unapunguza mtikisiko tu. Bentley za miaka ya 1920 zina mabawa mawili yanayofunguka pembeni, ndiyo maana mkanda wake mmoja mpana unapita juu ya boneti toka ubavu hadi ubavu.

Tuchukue Mini, mikanda miwili ya mbele.

Vifaa: mikanda 2 ya ngozi ya ng'ombe, upana milimita 25, unene 4 hadi 5, yenye bizimu za shaba au chuma kisichoshika kutu, bolti za M6, mbili kwa kila ncha, jumla 8, nati za kujifunga zenyewe, washa pana, vipande 4 vya bati la milimita 2, mpira wa tyubu, praima ya zinki, tepu ya karatasi, panchi, biti za milimita 3 na 6.5.

1. Tengeneza loki kwanza. Safisha, paka grisi, rekebisha pini mpaka boneti ijifunge kwa mlio mmoja mzito. Bati linalobeba loki likiwa limeoza, lichomelewe kabla ya lolote. Mkanda uliofungwa kwenye bati bovu utang'oka nalo.

2. Chagua mahali. Mkanda mmoja kila upande, umbali sawa kutoka katikati. Ncha ya chini ikae kwenye bati la bodi lenyewe, kamwe si kwenye urembo wa grili. Mkanda uvute kuelekea chini. Ukilala sana kuelekea mbele, boneti itapata nafasi ya kunyanyuka kabla haujakaza.

3. Pima boneti ikiwa imefungwa. Bandika tepu, weka alama juu yake. Bizimu iingie tundu la katikati, ibaki nafasi ya kukaza na ya kulegeza.

4. Toboa. Panchi, kisha biti ya 3, kisha 6.5. Kwenye Mini distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi) iko nyuma tu ya grili, kwa hiyo ifunike kwa kitambaa. Unga wa chuma ukiingia humo utatafuta hitilafu ya cheche za plagi siku nzima. Sugua kingo za matundu kwa tupa, paka praima, iache ikauke sawasawa. Tundu lisilopakwa rangi huanza kutoa kutu chini ya ngozi, mahali usipopaona.

5. Funga. Kuanzia nje: bolti, washa, ngozi, mpira, bodi, kipande cha bati, nati. Kipande cha bati kwa ndani ndicho kinachosambaza mvuto. Bila hicho, bati jembamba la boneti litabonyea kuzunguka bolti. Acha kukaza ngozi inapoanza kubonyea. Ribiti za aluminiamu usizitumie, zinalegea kwa mtikisiko.

6. Jaribu. Endesha kwa 40, simama ukague. Kisha 60, kisha 80. Kaza tena baada ya kilomita 50.

Maswali ya wenye magari ya zamani

Swali: Fundi, mkanda wangu ulikuwa mkavu na umekaza, mvua ikanyesha mara moja tu ukalegea. Ngozi mbovu?

Jibu: Hapana ndugu, ngozi ikilowa hunyooka. Iache ikauke kivulini, usiianike juani wala juu ya injini yenye moto. Ikikauka, ongeza tundu katikati ya matundu mawili. Paka mafuta ya ngozi, si oili ya injini, maana oili huozesha nyuzi za mshono. Na kila baada ya mvua fungua mkanda upanguse chini yake, la sivyo rangi itafura.

Swali: Mimi nataka pini za boneti badala ya mikanda, zile zinazopenya boneti toka chini na kufungwa kwa klipu juu. Kuna ubaya?

Jibu: Hakuna, zinashika vizuri sana. Ila zinahitaji tundu kubwa kwenye boneti na zinyooke barabara. Ikipishana kidogo, bati linachanika. Klipu zake zifunge kwa waya zisipotee.

Swali: Nikishafunga mikanda naweza kung'oa loki ya kiwandani?

Jibu: Kwa gari la barabarani, usithubutu. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kwa magari ya rali ndizo zinazotaka loki ya awali iondolewe au izimwe, boneti ishikwe na vifungio visivyopungua viwili vyenye mishale myekundu au ya rangi nyingine inayoonekana wazi ya kuvionyesha, ili msimamizi aifungue haraka moto ukiwaka.

Swali: Land Rover Series yangu ina tairi la akiba juu ya boneti. Uzito huo hautoshi?

Jibu: Hautoshi kaka. Kwenye barabara ya makorongo tairi linaruka pamoja na boneti, kila likitua linaigonga loki na kuilegeza. Funga mikanda miwili, na ukague mipira ambayo boneti inakalia. Ikiwa imekauka na kupasuka, anza na hiyo.